Mbuzi wa Seva Iitwayo Candia

Wenzangu wa chumba cha kompyuta, mliniomba niache maandishi kabla sijasahau. Nimestaafu mwezi uliopita tu na tayari nimesahau paswedi ya barua pepe yangu, kwa hiyo mmewahi. Vyeo sitavitaja, kwa sababu nilipanda kimoja tu na kilikuja na funguo za stoo. Mshahara mnaujua. Nitaandika jinsi nilivyoingia, nani alinifundisha, na ile wiki tulipokaribia kuwafuta wakulima wote wa ushirika kwa kidole kimoja. Kidole chenyewe kilikuwa changu. Kiswahili cha kuandika nilikisoma shuleni, na cha kusema nilizaliwa nacho. Mtakiona chote humu.

Siku yangu ya kwanza hapakuwa na kompyuta. Kulikuwa na redio ya mawasiliano, kubwa kama sanduku la bibi harusi, katika ofisi yetu ya Arua, na nyingine kama hiyo kwenye tawi la Koboko. Kazi yangu ilikuwa kukaa mbele yake na kuuliza lori la simsim, yaani ufuta, liko wapi. Aliyenipokea alikuwa Mzee Ratib, Mnubi wa Koboko, mtoto wa fundi redio wa jeshi. Yeye mwenyewe hakuwahi kuwa askari, ila hakuna aliyethubutu kumkumbusha. Kaptula yake ilipigwa pasi mpaka ungeweza kukatia kitunguu kwa mkunjo wake.

"Wewe naitwa nani?"

"Hawa."

"Hawa, hapa iko sheria moja. Kitu ikiwa hai, iko kwa rejista. Kitu haiko kwa rejista, haiko hai. Umesikia?"

"Nimesikia, Mzee."

"Haya. Andika jina yako, uanze kuwa hai."

Nikaandika. Kwa mujibu wa ushirika nimekuwa hai tangu siku ile. Redio ilinifundisha kunyamaza mwingine anapozungumza, na kumaliza kila jambo kwa neno "ova". Tabia ya kwanza niliipoteza nilipoolewa. Ya pili ninayo hadi leo. Mume wangu akinipigia simu kuuliza chumvi, namjibu iko kabatini, ova.

Baadaye zikaja kompyuta, na baada ya kompyuta ikaja seva. Tuliiweka stoo, katikati ya magunia ya simsim, kwa sababu ndicho chumba pekee chenye kufuli la kweli. Panya walipenda joto lake. Kila asubuhi Mzee Ratib aliingia, akaipigia saluti, akaifungua ubavu na kuwatoa panya kwa kijiko cha kupakulia wali. Naandika haya ili mkilalamika kwamba intaneti iko polepole, mjue wenzenu walianzia wapi.

Ndipo tukahamia klaudi. Kwa anayesoma haya bila kuwa wa kazi hii: mashine zako zinakaa kwenye jumba la watu wengine nchi ya mbali, nawe unazitumia kupitia waya. Mzee Ratib hakupenda.

"Sasa hiyo mashine nalala wapi?"

"Mbali, Mzee. Ng'ambo."

"Na askari ya kulinda ni mutu ya wapi?"

Hakuna aliyejua. Hata hivyo alijifunza, na ndani ya miaka michache alikuwa ametengeneza seva saba, zote kwa kubofya. Alibofya kwa kidole cha shahada, polepole, akitamka "Bismillahi" kwa kila kitufe. Seva ikishazaliwa, hakuna mahali palipoandikwa amebofya nini. Niliandika mimi, kwenye daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma: jina, ukubwa wa diski, mfumo iliozaliwa nao, na kazi yake. Nilijivunia lile daftari kuliko cheti changu cha ndoa.

Majina aliyatoa yeye. Mke wake ni Mlugbara wa Aroi, na kwao mtoto hupewa jina la yaliyokuwa yakitokea nyumbani siku anazaliwa. Mzee akaona ni utaratibu safi. Seva iliyozaliwa siku msaada wa laptopu ulipofika ikaitwa Mungufeni, yaani Mungu ametoa. Ile ya kutunzia picha za mechi za Onduparaka, maana nusu ya ofisi ni mashabiki wendawazimu, ilizaliwa siku timu imefungwa, ikaitwa Candia, yaani taabu. Na kila jina lilitolewa kwa chakula. Jina lisilo na chakula, alisema Mzee, mashine haitalisikia. Kuku aliliwa, mihogo ililiwa, na siku moja ya ukata tuliipa seva jina kwa soda moja iliyozungushwa watu tisa.

Seva kubwa kuliko zote iliitwa Ayiko, maana yake furaha, na furaha ilikuwa yangu. Ndani yake tuliweka rejista ya wakulima. Niliikusanya mwenyewe kwa misimu mitano ya kiangazi, kwa baiskeli na baadaye kwa pikipiki, kutoka Aroi mpaka Ludara, nyumba kwa nyumba: jina, kijiji, shamba, picha. Mkulima wa kwanza alikuwa Bibi Asha wa Ludara. Alikataa kupigwa picha mpaka abadili nguo, na alipobadili akakataa mpaka mbuzi wake naye aingie. Nikapiga. Mpaka leo mwanachama namba moja wa ushirika ni bibi mmoja na mbuzi mweusi anayetazama kamera kwa dharau.

Msicheke sana. Kwetu mbegu za msimu hutolewa kwa rejista. Jina likikosekana, gari la mbegu linapita mlangoni kwako na kwenda zake, na hakuna kulia kutakakolirudisha kabla mvua hazijakata. Wanachama walinipa majina yao kwa mikono yao, wengine kwa dole gumba, na mimi niliwaambia hayatapotea. Nakala ya akiba tulikuwa nayo. Ilikuwa kwenye seva ileile, folda ya pembeni. Haya, sasa chekeni.

Ayiko ikaanza kuugua. Kila siku mbili inaanguka. Wiki hizo nilikuwa Koboko kumwoza binti yangu, na harusi za kwetu haziishi kwa haraka. Niliporudi nikaambiwa matatizo yamekwisha. Nikamwuliza Mzee amefanyaje, akasema, "Nimetengeneza," nami nikaridhika kama mjinga. Mwaka uliofuata akastaafu, akaenda Ludara kulima mihogo. Aliniachia funguo za seva zote kwenye flashi, ndani ya kopo la majani ya chai, kila ufunguo na jina lake. Kisha akanipigia saluti, mimi niliyekuwa nimebeba sufuria, na nikalia mbele ya watu.

Tufike kwenye ile wiki.

Tulipata meneja mpya, Bwana Feni, kijana msafi aliyetoka semina Kampala na agizo moja: kuanzia sasa hakuna kubofya. Kila seva iandikwe kwenye faili, na programu isome faili na kuisimamia. Seva mpya ni rahisi, unaandika na inazaliwa. Zilizokwisha kuzaliwa ndiyo shughuli. Unaandika maelezo ya seva ilivyo, kisha unaiambia programu, "Aya hii ni ile seva kule." Programu inalinganisha na kukutajia itakachofanya. Jibu unalolitaka ni kwamba haitafanya kitu: kuongeza sifuri, kubadili sifuri, kuharibu sifuri. Maishani nimetafuta mengi, lakini sijatafuta sifuri kwa bidii kama nilivyotafuta zile tatu.

"Ijumaa saa kumi alasiri," akasema Bwana Feni, "ile seva haiko kwa faili itajifuta yenyewe. Nimeshapanga."

Nilikumbuka sheria ya Mzee Ratib, nikaona meneja na yeye wamezaliwa ukoo mmoja bila kujuana.

Mwenzangu katika kazi hii alikuwa Driciru, binti wa Aroi, mnamjua, ndiye anayekalia kiti changu sasa. Anachapa haraka mno. Ukimtazama vidole unapata kizunguzungu. Mimi nilisoma daftari, yeye akaandika faili. Jumatatu mpaka Jumatano tuliingiza seva tano. Moja tuligundua haikuwa na kitu ndani kabisa. Kwa miaka ilikuwa inapumua tu, kama baadhi ya wajumbe wa bodi. Nayo tuliiandika.

Zikabaki mbili. Candia, ya picha za mpira, niliikata kwa kalamu nyekundu: haihitajiki, ijifute Ijumaa. Driciru akaomba apakue picha kwanza, maana kaka yake yumo kwenye mojawapo akiwa kifua wazi na ngoma kichwani. Alijaribu ufunguo wa Candia mara mbili, ukakataa.

"Mama, ufunguo hii imeharibika."

"Wacha. Kaka yako tunamjua hata bila picha."

Nilimzuia kwa sababu seva zote Mzee Ratib alizifunga kijeshi: ukikosea mara tatu, mlango unafungwa wiki nzima.

Alhamisi tukaingiza Ayiko. Tuliandika kama daftari lilivyosema: diski kubwa, mfumo fulani. Programu ikafikiri, halafu ikaandika kwa rangi nyekundu kwamba Ayiko ya kule haifanani na Ayiko ya kwenye faili, diski yake ni ndogo na mfumo wake ni mwingine, kwa hiyo itaiharibu na kuiunda upya. Ikaomba tukubali kwa kuandika neno zima. Vidole vya Driciru vilikuwa tayari vimeandika herufi mbili. Nilimshika kifundo cha mkono kama mwizi wa kuku.

"Toa mkono hapo!"

"Lakini Mama, si itatengeneza ingine?"

"Itatengeneza ingine tupu! Wakulima yangu itakwenda wapi?"

Kisha nikamfundisha nilichofundishwa: mashine ikipishana na karatasi, unasahihisha karatasi. Tukarekebisha faili, diski ndogo, mfumo ule mwingine. Tukaendesha tena. Sifuri, sifuri, sifuri. Nilipiga kigelegele kilichomtoa Bwana Feni ofisini. Ni mimi, mwenye miaka yote ile ya kazi, ambaye sikujiuliza rejista ya ushirika mzima imeingiaje kwenye diski ndogo. Nilidhani daftari langu lilikosea. Hilo tu lingetosha kunishtua, maana daftari langu halikuwahi kukosea hata siku moja.

Ijumaa saa saba tukakaa kula. Mama Zubeda, mpishi wetu tangu enzi za panya, alileta maharage na enyasa, ule ugali wetu wa muhogo. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Nikamwambia kwamba leo saa kumi tunaizika Candia.

Mama Zubeda akaweka mwiko chini.

"Candia? Ile tulikula mbuzi yake?"

"Mbuzi gani? Ile ilipewa jina kwa soda."

"Soda ilikuwa ya mwanzo. Wewe ulikuwa kwa harusi. Mzee alisema jina inabadilika, akachinja mbuzi. Beberu kubwa, mimi mwenyewe nilipika. Watu walikula mpaka wengine walilala kwa benchi."

"Na Ayiko?"

"Ayiko siku hiyo ilipewa mandazi tu. Mandazi ya jana."

Mambo ya seva Mama Zubeda hayajui, wala hana haja ya kuyajua, lakini chakula chochote kilichopita jikoni kwake anakikumbuka na mwaka wake. Nikawa najiuliza: mtu mwenye akili anachinja beberu kwa ajili ya picha za mpira, na rejista ya wakulima anaipa mandazi yaliyolala?

Driciru alisimama ghafla hata sahani ikamwagika.

"Mama! Hiyo ni ya kwetu! Mutoto ikiwa naugua-ugua, na watu naipenda sana, anapewa jina mbaya, ili taabu ikija ione hapa iko taabu tayari, ipite. Bibi yangu alifanya hivyo kwa baba!"

"Na wewe umekaa na mimi wiki nzima bila kusema!"

"Nilijua ni ya watu, Mama. Sikujua iko ya seva pia."

Ilikuwa saa nane na nusu, na kama Mzee alikuwa amebadilishana majina ya zile seva mbili, wakulima wangu walikuwa ndani ya Candia. Nikampigia Mzee Ratib. Alikuwa shambani, mkewe akampelekea simu kwa mwendo wake, ambao si wa haraka. Na Mzee hazungumzi jambo kabla ya salamu. Akauliza hali yangu, ya mume wangu, ya binti yangu, ya watoto wa binti yangu mmoja mmoja, ya Mama Zubeda na goti lake. Nilijibu zote, mzuri, mzuri, mzuri, huku nikitazama saa ya ukutani.

"Mzee, Candia iko na nini ndani?"

Akasema kwa sauti ya chini, "Wewe nauliza kwa simu? Taabu itasikia."

"Mzee, saa kumi itafutwa!"

"Ulikula ile mbuzi?"

"Sikuwepo, Mzee!"

"Ndiyo sababu hujui. Sikiza. Funguo sikubadilisha majina yake. Chukua ufunguo ya Ayiko, peleka kwa mlango ya Candia. Na usitaje jina ya kitu."

"Sawa, Mzee. Ova."

Candia ilikuwa imebakiza jaribio moja. Mawili alikuwa ameyatumia Driciru kwa ajili ya kifua cha kaka yake. Tukilikosa hilo, mlango unafungwa wiki nzima, na seva yenyewe haina wiki ya kuishi. Driciru alisogeza laptopu kwangu.

"Chapa wewe, Mama. Mimi nachapa haraka sana."

Nilibofya kwa kidole cha shahada, polepole, na nilisema "Bismillahi" kwa kila kitufe. Mlango ukafunguka. Nikafungua folda, nikafungua picha ya kwanza, na pale mbele yangu akakaa Bibi Asha wa Ludara kwa gauni lake la Idi, na kando yake mbuzi mweusi, anatutazama sote kwa dharau ileile. Nikamwambia yule mbuzi samahani. Nilimaanisha.

Kuiandika Candia kwenye faili kulichukua muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka. Mara programu ilitaka kuibadilisha, mara ilitaka kuiharibu, nasi tulisahihisha karatasi, tukaendesha, tukasahihisha tena. Mama Zubeda alisimama nyuma yetu na mwiko wake akisema "Pole pole" kila sekunde, jambo ambalo halikutusaidia hata kidogo. Dakika kumi na moja kabla ya saa kumi zikatoka zile sifuri tatu. Bwana Feni akachungulia.

"Mama Hawa, imebaki ngapi ya kufuta?"

"Hakuna. Zote saba ziko kwa rejista. Ziko hai."

Saa kumi ikafika na kupita, hakuna kilichofutwa. Nikaenda stoo, nikakaa juu ya gunia la simsim, nikalia mpaka nikapiga chafya. Kwa uchungu niliokuwa nao nilimkasirikia Mzee Ratib, nikampigia tena ili nimgombeze. Kwa nini hakuniambia? Akasema angeniambia, ningeandika kwenye daftari, na daftari taabu inaweza kulisoma. Kisha, kwa sauti ndogo, akakiri kwamba siku ile ya mbuzi aliongeza pia kumbukumbu ya mashine, ile nafasi yake ya kufanyia kazi, kwa sababu mashine ilikuwa imeelemewa.

"Sasa ni kumbukumbu iliponya, au mbuzi?"

"Hawa, mimi nilifanya yote mbili. Wewe ukitaka kujua, ondoa moja."

Sikuondoa hata moja. Mvua za kwanza zilipokaribia, gari la mbegu lilikwenda Ludara na rejista kamili, na hakuna mlango lilioupita. Bibi Asha alipokea za kwake, halafu akadai picha mpya kwa kuwa yule mbuzi amekwisha kufa na huyu wa sasa ana tabia nzuri zaidi. Nikampiga picha. Niliyasikia majina yote yakisomwa mbele ya watu, moja baada ya jingine, na kila mmoja akaitika.

Bwana Feni alitaka majina ya seva yasahihishwe, rejista irudi kuitwa Ayiko na mpira uwe Candia, ili mambo yawe safi. Alikuwa na haki. Nilimkatalia. Nakala ya akiba nimeiweka mbali, kwenye seva nyingine, na jina lake simtajii mtu kwa simu. Daftari langu la jedwali la kuzidisha liko kwenye droo ya Driciru. Na ninyi mtakaokuja kutaka kupanga upya kila kitu, fungueni faili, nendeni kwenye aya ya Candia. Juu yake mtakuta mstari nilioandika mimi, wa mwisho kabla sijarudisha funguo za stoo:

Usibadilishe jina hili. Mbuzi ameshaliwa.